Nilivyomchora Baba Lusajo Amechuchumaa

Jambo hili nimelikwepa miaka mingi, nikiulizwa nacheka halafu naulizia habari za mahindi, lakini kulificha siwezi kwa sababu lilichorwa ukutani, kubwa kuliko mtu mzima, kwa rangi ya mafuta, pembeni mwa barabara, na aliyelichora ni mimi. Basi acheni nilisimulie mwenyewe, maana huko nje wanaolisimulia wameshaongeza chumvi nyingi (kuna anayesema eti nilipigwa, sikupigwa, na kuna anayesema nilianguka kwenye ngazi, sikuanguka, nilikaribia tu).

Kwanza mjue kwamba mimi sikuzaliwa mchoraji. Shule niliishia darasa la nne, nikaolewa, nikalima migomba, nikachuma chai, nikazaa watano, nikafika miaka hamsini na moja sijawahi kushika penseli isipokuwa kwa kuweka sahihi. Halafu siku moja ya mvua (na kwetu Ikuti mvua si habari) nilikuwa nashuka na mkungu wa ndizi kichwani, nikateleza, mkungu ukaenda kulia na mimi nikaenda kushoto, mguu ukavunjika chini ya goti. Nikapelekwa hospitali ya Igogwe, nikalazwa wiki sita mguu umening'inizwa juu kwa kamba kama kuku wa kuuzwa. Wiki ya kwanza nilimsumbua kila mtu. Wiki ya pili nesi mmoja akaniletea karatasi zilizotumika upande mmoja na penseli, akasema, "Mama Sekela, shika hizi, chora chochote, lakini unyamaze."

Nikamchora mgonjwa wa kitanda cha mbele yangu, mama mmoja mkimya kutoka mbali. Sikujua ninachofanya, nilimtazama tu na mkono ukafuata. Nilipompa karatasi aliitazama sana halafu machozi yakamtoka, akasema, "Huyu ni mama yangu. Sikujua kama nimezeeka nikafanana naye." Basi nikawa nimekwisha. Tangu siku ile sikuacha tena. Niliporudi nyumbani na gongo langu nikachora kwa mkaa ukutani jikoni, nikachora juu ya pipa, nikachora mlango wa nje, na kwa bahati miaka ile ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Tukuyu yaliyokuwa na mashelfu matupu yakaanza kujaa vitu, ukienda kule mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, unakuta sabuni za rangi tatu, viberiti, nguo za mitumba zimerundikwa mpaka barabarani, na rangi za kopo, nyekundu, njano, bluu, ambazo sisi tulizoea kuziona kwenye mabasi tu. Kila nilipouza ndizi nilirudi na kopo moja. Mume wangu hakusema kitu. Alisogeza tu vitu vyake visipakwe.

Kasoro yangu ilikuwa moja, nayo ndiyo iliyoniponza: siwezi kutunga uso. Wengine wanasema wanachora uso wa kichwani. Mimi kichwani hamna nyuso, kuna watu. Nikichora pua, ni pua ya mtu niliyemwona. Nikichora sikio, lina mwenyewe.

Sasa nimlete Baba Lusajo. Huyu alikuwa jirani yangu wa upande wa juu, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kusikika bonde la pili, na kijana wake Lusajo alikuwa amemchumbia binti yangu Sekela. Posa tulishapokea, ng'ombe walishasemwa, harusi ilikuwa baada ya mavuno. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kuheshimiwa nyumbani kwangu, na mimi nilimheshimu. Ila siku moja alipita akanikuta nimekaa kwenye kigoda napaka jogoo mwekundu mlangoni, akasimama, akaweka mikono nyuma, akauliza mbele ya wanawake waliokuwa wanatoka kisimani, "Mama Sekela, kilichovunjika ni mguu peke yake, au na kichwa?"

Wanawake walicheka. Mume wangu naye alicheka, ameelekea migombani nisimwone. Mimi nikacheka pia, nikasema, "Ni mguu, baba Lusajo, kichwa kizima." Lakini ndani lilinikaa. Nililala nalo, niliamka nalo, nilipika nalo. Nilijiambia, nitachora mpaka huyu mtu akome.

Mwaka ule kuhara kulipita vijijini kwetu, watoto waliugua, wengine tuliwazika. Bwana Afya wa kata, kijana mpole kutoka Singida, alikuwa anazunguka kwa pikipiki na matope mpaka masikioni akihimiza watu wachimbe vyoo, na watu walikuwa wanamwitikia vizuri halafu hawachimbi. Akafika kwangu, akauona mlango, akaegesha pikipiki.

"Shikamoo mama. Nani amechora huyu jogoo?"

"Marahaba. Mimi."

"Nani amekufundisha?"

"Mguu," nikamwambia.

Hakuelewa, lakini alichuchumaa akamtazama yule jogoo mpaka chai niliyomwekea ikapoa, halafu akaniomba nimchoree ukuta. Kulikuwa na ghala la zamani la ushirika pale barabarani, tupu tangu ushirika ulegee, lina ukuta mrefu mweupe. Alitaka upande wa kulia familia yenye choo, wazima, wananawa mikono, na upande wa kushoto familia isiyo na choo, mtoto anaumwa, nzi, na baba mtu amejichuchumalia migombani. "Kusiwe na maneno, mama," akasema. "Hata asiyejua kusoma akipita aelewe." Na siku ya kuuzindua angemleta mkubwa wa idara kutoka wilayani kuwa mgeni rasmi.

Nilikuwa sijawahi kupewa kazi na mtu yeyote isipokuwa kupalilia. Nikakubali kabla hajamaliza kuongea. Mume wangu aliuliza, "Na ngazi utapandaje na mguu huo?" Nikamwambia nitapanda na ule mwingine.

Nikafanya kazi siku sita. Nilizungushia turubai la kuanikia kahawa ili mvua isinipige na ili watu wasione kabla ya wakati, maana nilitaka washtuke (na kweli walishtuka). Upande wa kulia uliisha haraka kwa sababu hiyo familia ya wazima niliichora yetu, mume wangu ananawa kwenye kopo lililotobolewa, Sekela na gauni la njano, mimi mwenyewe nimebeba kuku, mnene kidogo kuliko nilivyo. Upande wa kushoto mama na mtoto mgonjwa niliwachukua kutoka wodini, watu wa mbali, hawangejulikana. Akabaki baba. Mwili wake niliuchora bila shida, amechuchumaa, suruali imeshuka, nikamwekea jani la mgomba pale panapostahili kwa sababu mimi ni Mkristo. Ukabaki uso.

Ilikuwa siku ya sita, alasiri, mvua inapiga turubai, na mgeni anakuja kesho yake. Nilitafuta kichwani mtu wa mbali wa kumpa uso ule, sikumpata. Ndipo nikaamua jambo dogo tu, nikasema nitamvika kofia, kofia ikishuka mpaka kwenye nyusi uso hautahitajika. Nikachora kofia. Ya kahawia, pana, ina bonde katikati na unyoya wa kijani ubavuni.

Kofia ya namna hiyo ilitoka kwenye mitumba ya Tukuyu, na nilijiambia kwamba mitumba ni mingi, kofia ni nyingi. Uongo. Ikuti nzima kofia ya unyoya wa kijani ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa haivui isipokuwa kanisani na mezani. Nilipomaliza kofia, sikio lililo chini yake likawa halina ujanja, likawa sikio lile lile, baada ya sikio taya likafuata, baada ya taya mdomo uliobenuka kama wa mtu anayetaka kukuuliza swali mbele za watu. Nikashuka ngazi, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Baba Lusajo. Amechuchumaa migombani na nzi wanne.

Sasa hapa ndipo nasema ukweli ambao sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Sikushtuka. Nilicheka. Nilicheka peke yangu nyuma ya turubai mpaka nikashika ukuta, nikasema, haya, na kichwa je, kimevunjika? Na nilijua pia, kama kila mtu alivyojua, kwamba choo chake kilititia kwenye mvua za masika na alikuwa hajachimba kingine, na kwamba jambo hilo watu walikuwa hawalisemi kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa. Halafu nikajifuta machozi, nikasema nimeshajifurahisha, kesho asubuhi nitakuja mapema nimbadilishe. Nikashusha turubai, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nikashuka na kopo langu na brashi. Mgeni rasmi alikuwa ameshafika.

Jamani, tangu lini mgeni rasmi akawahi? Maisha yangu yote wageni rasmi tumewasubiri mpaka watoto wanasinzia. Huyu alikuwa ameshakaa kwenye kiti mbele kabisa, mtu mnene mpole, ana upara unaong'aa, miwani ya duara na masharubu membamba, anakunywa chai. Kwaya imeshajipanga, Sekela yumo mstari wa pili, viti vya shule vimejaa watu. Nikamkimbilia Bwana Afya kwa jinsi mguu ulivyoniruhusu.

"Bwana Afya, nipe dakika kumi nyuma ya turubai."

"Mama, usiogope," akasema, anatabasamu, amevaa tai. "Mchoraji lazima aogope kidogo."

"Si woga. Kuna kitu cha kurekebisha."

"Kiko sawa tu, mama. Keti."

Nikaketi. Na sala ya kufungua, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa, akapewa nani? Akasimama Baba Lusajo, akaja mbele pale pale kwenye turubai, akavua kofia, akaomba kwa sauti ile ya bonde la pili. Alimshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru kwa mgeni, na mwisho akasema, "Bwana, ubariki na mikono ya mama yetu huyu aliyechora, maana wengine tulimdharau." Nilitamani ardhi inimeze. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Akavaa kofia yake. Bwana Afya akavuta kamba.

Nilisikia maji yakidondoka kwenye bati. Watu wakatazama kulia, wakafurahi kidogo, wakatazama kushoto. Mbele alikuwa amekaa bibi mmoja mzee ambaye macho hayakuwa mazuri, akasogeza shingo, akamtazama mtu wa ukutani, akamtazama aliyesimama kando ya ukuta, akasema kwa mshangao wa kweli kabisa, "Mwe! Baba Lusajo, mbona uko huku na huko pia?"

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka (ingawa haukuwa ukumbi, ilikuwa uwanja). Watu walicheka mpaka wengine wakaporomoka kwenye viti. Walikuwa wamekaa na habari ya kile choo tangu masika hawana pa kuisemea, sasa imesemwa ukutani kwa rangi nne. Nami nikamtazama mwanangu. Sisi kwetu, Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, wakikutana njiani binti anapinda anaingia migombani mpaka mzee apite, jina lake halitaji, chombo chake hashiki. Na Sekela tangu achumbiwe alishaanza kuishika hiyo heshima. Sasa yupo pale mbele ya mkwe wake, mkwe amechuchumaa na suruali chini, mrefu kuliko mlango. Alijifunika kanga uso mzima, akatoka kwenye kwaya akipapasa, akagonga kiti, akaingia migombani, hatukumwona tena siku hiyo.

Baba Lusajo aligeuka polepole. Aliutazama ukuta. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Mama Sekela. Huyu ni nani?"

"Ni mtu tu, baba Lusajo."

"Mtu tu, na kofia yangu?"

Bwana Afya, tai imemgeukia mgongoni, akaninong'oneza, "Mama, panda umrekebishe. Panda sasa hivi." Nikapanda. Watu mia wako nyuma yangu, nikaifuta ile kofia kwa rangi ya ngozi, kwa hiyo akawa na kichwa wazi. Nikaona bado taya linamsema, nikamwekea masharubu. Nikaona bado macho, nikamvisha miwani. Huku nyuma kicheko kikapungua, nikapata moyo, nikasema afadhali. Halafu kikakoma kabisa. Nikageuka juu ya ngazi, nikaona watu wote wanatazama chini, na mbele yao mgeni rasmi ameshika kikombe hewani, upara unang'aa, miwani ya duara, masharubu membamba.

Niliwaambia siwezi kutunga uso. Na asubuhi ile uso pekee niliokuwa nimeukodolea macho muda wote wa sala ulikuwa wa kwake.

Aliweka kikombe chini. Akauliza kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliniumiza, "Mama, na mimi nimekukosea nini?"

Bwana Afya alishika kichwa. Mume wangu, ambaye hajawahi kusimama mbele za watu, alisimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nikafuta ule uso wote, nikafuta kwa nguvu, rangi mbichi na rangi ya jana zikachanganyika zikatiririka mpaka magotini, pakabaki mtu amechuchumaa asiye na uso, ana doa tu la matope juu ya shingo. Nikashuka. Nilidhani sasa yamekwisha.

Baba Lusajo akasema, na safari hii hakupaza sauti, "Hapana. Usimwache hivyo. Asiye na uso kila apitaye atamjazia wangu. Mtoto wako ameshaniona hivyo. Ataingiaje nyumbani kwangu? Atanipikia akiwaza nini?" Akamwita kijana wake. "Lusajo. Twende. Maneno ya harusi yamekwisha."

Lusajo alinitazama, maskini, machozi yamemjaa, akaanza kumfuata baba yake.

Nimewahi kuulizwa kwa nini sikupiga magoti pale pale. Ningeweza. Lakini nilielewa kwamba magoti yangu yangesahaulika kesho na ule ukuta ungebaki, na kwamba jambo nililolifanya kwa brashi litaondolewa kwa brashi au halitaondoka. Nikasema, "Baba Lusajo, usiende. Kaa uone." Nikachukua kopo, nikapanda ngazi tena. Mume wangu akasema, "Mama Sekela, basi." Nikasema, "Bado."

Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kutafuta uso. Nikachora kilemba cha kitenge, kile nilichokuwa nimevaa. Nikachora paji lenye mistari yangu mitatu, pua yangu ambayo watoto wangu wote wanailalamikia, pengo la jino la mbele. Suruali nikaigeuza kitenge. Ule mguu wa kulia nikaupinda kidogo pale ulipovunjika, na pembeni nikaegemeza gongo. Mvua ikaanza kunyesha, ile nyembamba ya kwetu, na kwa kuwa ardhi ilikuwa tope ngazi ikaanza kuteleza, nikashika ukuta kwa mkono wa kushoto na kuchora kwa wa kulia. Hakuna aliyeondoka. Kwaya ilifunika vitabu kwa kanga ikabaki. Ngazi ikatikisika tena, nikasema sasa naanguka, halafu ikatulia kabisa, kama imechimbiwa. Sikutazama chini, nilikuwa kwenye jicho, na jicho halingoji. Nilipomaliza ndipo nikatazama. Aliyekuwa ameishikilia kwa mikono miwili, matope mpaka viatuni, alikuwa Baba Lusajo, ameelekeza uso pembeni kama mtu anayesubiri basi.

Nikageuka, nikawaambia watu nikiwa pale pale juu, "Huyu ni mimi. Mnamwona? Na si mchezo. Nilipotoka hospitali, choo chetu kiko mteremkoni, mguu haufiki, miezi miwili nilikwenda migombani kila siku nyuma ya nyumba, na sikumwambia mtu, na watoto wa upande wa chini walipougua nilijiuliza kama ni mimi. Ningekuwa mtu wa kweli ningejichora mwenyewe tangu mwanzo. Nilimchora jirani yangu kwa sababu alinicheka na mimi nikaweka kisasi. Baba Lusajo, nimekukosea. Mgeni wetu, wewe nimekukosea kwa bahati mbaya tu."

Mgeni rasmi alikuwa wa kwanza kucheka, akavua miwani akaifuta. Watu nao wakacheka, lakini safari hii walikuwa wananicheka mimi, na nilikuwa nimekubali. Baba Lusajo hakucheka. Alinisaidia kushuka kwa kunishika kiwiko, akaniachia, akaondoka na mwanawe.

Msidhani yaliisha hapo. Sekela alikaa siku tisa hajaniambia hata "mama, chumvi iko wapi." Siku ya kumi mimi na mume wangu tukapanda kwa Baba Lusajo na jogoo na sukari, tukawekwa kwenye benchi, tukapewa chai, tukainywa yote mzee hajasema kitu. Ilipokwisha akaweka kikombe.

"Kunichora si kosa," akasema. "Ungekuja ukaniuliza, ningekaa. Ningevaa koti. Kosa ni wakati ulionichora."

"Ni kweli, baba Lusajo."

"Na choo nimechimba." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. "Futi kumi na mbili. Nilikuwa nimepanga kuchimba tangu zamani."

"Tunajua," mume wangu akasema, jamaa huyu asiyesema kitu, na alisema bila kutabasamu, nampenda mpaka leo kwa hilo.

"Harusi tuisogeze kidogo," akasema Baba Lusajo. "Mtoto apate kusahau."

Tukaisogeza miezi miwili, wakafunga ndoa, na Sekela akaingia kwenye nyumba ile akaheshimiwa. Upande wa ukuta nao, vyoo vilichimbwa vingi Ikuti mwaka ule kuliko Bwana Afya alivyotegemea, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kumtazama mama wa kitenge, wanacheka, wanarudi nyumbani wakiwa kimya kidogo. Yule mkubwa wa wilaya akaniita nichore kuta nyingine tatu, akaniambia, "Ila mama, upande wa kushoto tafadhali jichore mwenyewe." Nikajichora. Kwa hiyo nimechuchumaa mahali panne katika wilaya ya Rungwe, mvua na jua, na wajukuu zangu wakipita pale ghalani wanausalimia ukuta, "Shikamoo bibi," halafu wanakimbia.

Kuchora sikuacha, wala sitaacha. Lakini siku ile, nikiwa kwenye ngazi na mvua inaniingia shingoni, niliapa, na kiapo nimekishika: kabla sijauchukua uso wa mtu nakwenda kwake, napiga hodi, naomba, namngoja avae koti. Na mtu akiniudhi simchori kabisa mpaka hasira ziishe. Nikiwa na hasira nachora migomba tu. Ndiyo maana mkiingia nyumbani kwangu mnakuta migomba kila ukuta, jikoni, sebuleni, mpaka nyuma ya mlango, na mume wangu akiona naanza mwingine anauliza taratibu, "Leo ni nani?"